Matairi ya Nyuma ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa akisalimia tairi kabla ya kukusalimia wewe. Ukisimamisha gari mbele ya lango lake kule Ngoingwa, alitoka akiwa bado anatafuna, akapita dirishani pako kana kwamba ndani hamna mtu, akainama nyuma na kulibonyeza tairi kwa kidole gumba. Akiridhika, ndipo alipoinuka na kuuliza, "Habari yako, maitu?" yaani mama, kama Wakikuyu wamwitavyo binti wanayempenda. Asiporidhika, siku hiyo hukusalimiwa. Tulikuwa majirani, ua tu kati yetu, na nilimjua kwa miaka mingi. Nimekula kwake, nimegombezwa naye kuliko nilivyogombezwa na wazazi wangu, na hadi leo nikimwona mtu ameinamia tairi barabarani, uso huniwaka kwa aibu. Sababu nitaisema. Lakini kwanza nimweleze yeye mwenyewe, maana nikianza na aibu yangu nitamsahau, na hilo nimeshalifanya vya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Shule yake ilikuwa na gari moja dogo lililochoka, na mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi, kwa mkono wake: Mwenda pole hajikwai. Wanafunzi wake waliendesha miguu mitupu. Alidai kiatu ni kiziwi, hakisikii gari linasema nini. Kwa hiyo ungemwona karani wa benki, suti yake imenyooka, anakata kona mjini Thika akiwa hana viatu, na Mwalimu kando yake anapiga kelele, "Skiza! Skiza na mguu!" Watu wa stendi walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia niliendesha hivyo, nikapita mbele ya wasichana niliosoma nao, wakanionyesha vidole.

Jambo lililotuchekesha sisi wanafunzi wake ni kwamba yeye mwenyewe hakupenda kurudi nyuma. Alitufundisha vizuri tu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, lakini akiwa peke yake angezunguka mtaa mzima ili aingie langoni kwake kwa mbele. Mkewe alisimama kwenye ua wa kayaba akimsubiri amalize kuzunguka. "Anaenda Murang'a kwanza," aliniambia siku moja, "halafu atakuja kunywa chai."

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya mkate. Baba alipofariki alituachia pikapu, na hapakuwa na mtu wa kuiendesha nyumbani ila mimi. Miaka ile ya tisini mikate ilitoka Thika alfajiri, ikashuka Ruiru, ikasambazwa kwenye vioski vya Gatongora na Mwiki. Pikapu zilikuwa nyingi na mkate ulikuwa ule ule. Mwenye kioski hakuangalia sura yako wala undugu. Aliyefika kwanza ndiye aliyeshusha kreti, na aliyefika wa pili alirudi na mkate wake hadi ukakauka. Mama na wadogo zangu walikula kutokana na kufika kwangu kwanza. Mwalimu alinifundisha kuendesha kwa upole, kisha alipojua kazi yenyewe ni ipi, akanifundisha kufika.

Hapo ndipo nilipouona upande wake wa pili. Huyu mtu wa mwenda pole alijua mbio kuliko vijana wote wa barabara ile. Msemo wake mkubwa ulikuwa mmoja: "Tairi ndio gia ya mwisho." Vijana waliokuwa na pikapu walinunua matairi makubwa ili gari liinuke na lipendeze, halafu likikataa kupanda mlima wakalaumu injini. Wengine hata waliuza injini nzima wakanunua nyingine. Mwalimu aliwaona kama watu wanaonunua kitanda kipya kwa sababu hawana usingizi.

Siku nilipompelekea pikapu yangu ikilia kama mbuzi kwenye barabara kuu, hakufungua hata boneti. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akatoa chaki mfukoni, akachora mstari kwenye tairi na mwingine kwenye propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya injini nyuma. "Zungusha pole pole," akasema akiwa amelala chini. Nilizungusha gurudumu, yeye akahesabu propela imezunguka mara ngapi. Akatoka vumbi limejaa kichwani.

"Difu yako ni fupi," akasema, akionyesha lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. "Ni ya kubeba mawe. Inavuta kama punda lakini haikimbii. Na wewe umeiwekea tairi ndogo, sasa injini inalia bure."

"Kwa hivyo nibadilishe difu?"

"Atiriri, nani amesema difu? Nimesema tairi. Difu fupi, tairi refu. Difu ndefu, tairi fupi. Mmoja akizidi mwingine apunguze, kama mke na mume."

"Na huyu amezidi kote kote," mkewe akasema kutoka jikoni.

Alinichagulia matairi marefu kidogo, akaenda nami hadi kwa Mhindi wa matairi mjini, akayabonyeza yote dukani mpaka mwenye duka akamwomba kwa heshima asiyamalize. Tangu siku hiyo injini ilinyamaza, na nilifika Gatongora kabla ya mkate wa mtu mwingine.

Kusifu hakujua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye alilichukua neno hilo kama amri. Nilipopata leseni aliniambia tu, "Sasa usiue mtu." Alikuwa mkali, mbishi, na hakupenda kuuliza jambo lolote. Hata akipotea kijijini kwa watu angeendelea kuendesha mbele kwa uso wa mtu anayejua aendako. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alikwenda ibadani kwa miguu, akisema gari ni kishawishi. Baada ya chakula cha mchana, akiwa bado na koti lile lile la kanisani, alipanda pikapu yake mwenyewe, si lile gari la shule, akaja Ruiru kutazama mashindano.

Mashindano hayo yalifanyika kwenye kipande cha lami ya zamani katikati ya kahawa, lami iliyoachwa barabara mpya ilipojengwa. Ilikuwa imenyooka na hakuna gari lililopita pale. Wabeba mikate, wabeba mananasi, wabeba magazeti, wote waliokuwa wakikimbizana siku za kazi walikuja kumaliza ubishi wao hapo. Pikapu mbili zilisimama sambamba. Juma wa Majengo, aliyebeba mayai na kwa hiyo hakuweza kukimbia hata kama angetaka, aliinua kofia yake juu, na ilipogusa lami mkaondoka.

Hatukuwekeana dau. Tulikuwa na sheria moja tu, nayo ilikuwa kali kuliko dau: aliyeshindwa alivuliwa viatu. Maana yake, alifungua matairi yake mawili ya nyuma kwa mkono wake, akayabingirisha mbele ya watu wote hadi kwenye gari la aliyemshinda, akayapakia. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Kisha akatafuta namna ya kufika nyumbani, wengi kwa matairi mabovu waliyoazima. Sijui nani aliianzisha. Nadhani ilitokana na mafundisho ya Mwalimu mwenyewe, kwamba aliyeshindwa kwa mbio ameshindwa kwa matairi. Nimewaona wanaume wazima wakibingirisha tairi huku wametazama chini kama wanatafuta sindano.

Mwalimu hakuwahi kushindana. Alipita kati ya magari akibonyeza matairi na kusema nani atashinda, na mara nyingi ilikuwa hivyo. Vijana wakachoka. Jumapili moja kijana mmoja wa magazeti akamwambia mbele ya watu, "Buda, wewe ni mdomo tu. Kama tairi ni gia ya mwisho, mbona hatujaona yako?"

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Nilimwona akitazama wanafunzi wake waliokuwepo, mmoja mmoja, na wote wakatazama kwingine. Akajibu, "Mvua ikiisha nitakuja. Na sitakimbia na wewe, wewe hutanifundisha kitu. Nitakimbia na huyu." Akaninyooshea kidole.

Nilitaka kukataa. Lakini ungemkatalia vipi mtu aliyekupa riziki? Nikafikiri pia kwamba nitashindwa tu, nimbingirishie matairi yangu, tucheke njia nzima kurudi Ngoingwa. Nilikuwa tayari kabisa kushindwa na Mwalimu. Hakuna aibu mtoto kushindwa na mzazi.

Msimu wote wa mvua alijifungia na pikapu yake. Alikwenda Grogan, Nairobi, akapata jozi ya matairi ya magari ya mashindano yaliyokwisha kutumika, mapana, mafupi, mpira wake laini kama sabuni iliyolowa. Nilimsikia upande wa pili wa ua akihesabu propela. Alipima hadi akajua gari lake litaruka vipi kutoka pale kwa Juma na litafika mti wa mukima, pale mbio zilipoishia, likiwa kwenye nguvu yake yote, gia zimeisha na mbio zimeisha pamoja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Nasema tena ilikuwa sahihi, kwa sababu wengi baadaye walisema vingine.

Ila mti wa mukima haukuwepo tena. Wenye shamba waliukata wakati wa mvua kwa ajili ya mbao, na vijana wakausogeza mwisho mbele, hadi kwenye nyumba ya pampu. Kila mtu alijua, na kila mtu alidhani Mwalimu anajua. Yeye ndiye aliyetufundisha kuipima njia kwa miguu kabla ya kuipima kwa gari. Lakini siku ya mashindano yetu kikao cha wazee wa kanisa kilichelewa kuisha, akaja watu wamekwisha kujaa, akapanga gari mstarini bila kushuka. Na kama nilivyosema, hakuwa mtu wa kuuliza. Kumwambia Mwalimu habari za barabara kulikuwa kama kumfundisha padri sala, basi hakuna aliyemwambia.

Juma akainua kofia. Ilipoanguka, Mwalimu aliondoka kama aliyetupwa. Sijawahi kuona pikapu ikishika lami namna ile. Niliona mgongo wa gari lake tu, na moshi, nikawa nacheka peke yangu ndani kwa furaha. Akafika kwenye kisiki cha mukima mbele yangu kwa mbali. Hapo akatoa mkono dirishani, akauinua juu, mkono wa koti la kanisani, akipungia watu. Akatoa mguu kwenye mafuta.

Mimi sikutoa. Alinifundisha usitoe mguu kabla ya mwisho, na mguu wangu ulikuwa umezoea kumtii. Nikampita mkono wake ukiwa bado juu. Kwenye kioo nilimwona akitazama mbele, akaiona nyumba ya pampu, akaelewa. Alikanyaga tena, lakini yale matairi mafupi hayakuwa na kitu tena cha kumpa. Injini yake ililia njia yote iliyobaki.

Watu walikuja mbio. "Irudiwe! Mwalimu hakujua!" Juma alipiga kelele, na hata yule kijana wa magazeti aliunga mkono. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema irudiwe.

Mwalimu alishuka. "Nani amesema sikujua?" akauliza. "Sikuuliza. Asiyeuliza njia ameshindwa kabla ya kuwasha gari."

"Mwalimu, tafadhali," nikasema.

"Fungua nyuma."

Aliinua gari lake kwa jeki, akaweka mawe chini, akafungua nati moja baada ya nyingine, na hakulivua lile koti. Alibingirisha tairi la kwanza hadi kwangu, akalipakia. Lilimpaka tope kifuani. Akarudi kuchukua la pili. Wanafunzi wake waligeuka wakaitazama kahawa, na mimi sikujua nitazame wapi. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikamnong'oneza Juma kwamba nayakataa, naye akanijibu, "Ukikataa umemtukana mara mbili." Nikayachukua. Nilikaa kwenye usukani kama mtu aliyeiba, na watu walinipigia makofi.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Mwalimu hakunipigia tena kelele juu ya ua. Nikiingia kwake alisimama. Mtu wa umri wa baba yangu alisimama kutoka kwenye kiti chake, akanipisha, na akaacha kuniita maitu. Aliniita Madam, kama watoto wa shule wamwitavyo mwalimu wao wa kike. "Karibu, Madam. Madam apewe chai." Kila alipotamka neno hilo niliona koti lile lenye tope. Niliamini kwamba nimemvunja, na kwamba huo ndio ulikuwa ukali wake wa mwisho, kuninyima hata kugombezwa.

Yale matairi sikuyafunga kamwe. Nilimpelekea mkewe kwa siri, na kabla ya jioni nikayakuta tena langoni kwangu, yameegeshwa vizuri. Nikaacha mashindano. Watu wakinisifu nilibadilisha mazungumzo. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ndefu na yenye mashimo, nikitikisa mikate yangu ili nisipite mbele ya lango lake. Nikikutana na gari lake dogo barabarani nilijisogeza pembeni kabisa hadi lipite. Nilidhani hiyo ni heshima.

Miaka ikapita hivyo. Mwishoni mwa ile miaka ya tisini, asubuhi moja nikiwa Mwiki nashusha mkate, nilimwona chini ya kilima, kando ya barabara. Alikuwa amezeeka mabega. Shule yake ilikuwa imenunua pikapu ya kufundishia, na wanafunzi walisimama kuizunguka, miguu mitupu kwenye matope. Gari lilikuwa limekataa kupanda. Hapakuwa na njia nyingine ya kupita, na alikuwa ameshaniona. Akanipungia mkono.

Nikashuka, nikamwamkua. Alisimama wima, akanipa mkono. "Shikamoo" yangu aliipokea bila kuuachia mkono wangu, kisha akawageukia wanafunzi. "Mmeona? Nyinyi mna bahati."

"Ndiye huyu?" mmoja wao akauliza. Alikuwa mama wa makamo, amekunja sketi. "Ndiye yule alikushinda Ruiru?"

"Ndiye."

Wote wakanitazama, wakitabasamu. Sikuelewa. Yule mama akanieleza kwa furaha kwamba hadithi hiyo Mwalimu huwasimulia siku ya kwanza kabisa ya masomo, kabla hawajashika usukani. Huwaambia alivyopungia watu mkono kabla ya mwisho na mwanafunzi wake akampita. "Anasema hajawahi kufundisha mtu vizuri kuliko wewe," akasema. "Anasema yuko na ushahidi."

Mwalimu alikuwa ameinama akijifanya hasikii, anabonyeza tairi. Akainuka. "Haya, Madam. Waambie hawa watu. Difu imebadilishwa jana, na hayo ndiyo matairi tumepewa nayo. Kasoro iko wapi?"

Niliiona pale pale. Mtu yeyote aliyefundishwa na yeye angeiona. Matairi yalikuwa marefu mno kwa difu ile ndefu, gari limefungwa gia ya kukimbia na linaombwa lipande. Naye alijua, bila shaka alijua. Lakini nilimtazama mzee wa watu mbele ya wanafunzi wake, nikakumbuka siku ile kwenye lami, na nikaona kwamba sitamshinda mara ya pili hadharani. Nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizolelewa nazo.

"Mimi sijui, Mwalimu," nikasema. "Wewe ndiye unajua mambo haya."

Yule mama alinitazama, kisha akamtazama Mwalimu, na tabasamu lake likaondoka polepole. Mwanafunzi mwingine nyuma akakohoa, au alicheka, sikujua.

Mwalimu alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Hakuniita maitu wala Madam.

"Siku ile ulinivua viatu mbele ya watu wote," akasema kwa sauti ndogo, "na sikuona aibu hata kidogo. Leo ndio umeniaibisha."

Nikafungua mdomo niwaambie wale wanafunzi kwamba tairi lilikuwa refu kuliko difu, kwamba najua, kwamba yeye ndiye aliyenijulisha. Lakini alikuwa amekwisha kuwaambia wasukume gari, na wote walikuwa wameinama, migongo yao kwangu.